KUTOKA NAKIVALE HADI CHUO KIKUU: SAFARI NDEFU YA MWANAFUNZI MKIMBIZI

Ndugu msomaji, mtu akitajiwa mwanafunzi aliyekwenda ng'ambo kusoma, mara moja mawazo yake huruka hadi kwenye uwanja wa ndege. Humwona kijana aliyevaa koti jipya, jamaa zake wamemzunguka wakimpa wasia, mama yake akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mfukoni mwake mna pasipoti, tikiti na barua ya chuo kilichomkubali. Kijana huyo ajua anakokwenda, ajua miaka atakayokaa huko, tena ajua kwamba siku atakapomaliza masomo nyumba ya baba yake ipo na mlango u wazi.

Lakini wapo wanafunzi wa namna nyingine ambao habari zao hazitajwi sana. Hao walivuka mpaka kwa miguu, pengine usiku, bila ya barua ya chuo chochote wala pasipoti, wakiwa wameshika mikono ya wadogo zao. Wao nao wako ugenini, nao wanaitafuta elimu ileile. Tofauti ni kwamba hawakuchagua kusafiri, na hawajui watarudi lini kwao. Makala hii inawahusu vijana hao, na hasa wale walioko katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, ambao wakitazama upande wa Mbarara huuona mlango wa chuo kikuu karibu sana nao, lakini wasiweze kuufikia.

MAKAZI YALIYOZITANGULIA NCHI HURU

Nakivale iko katika Wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa liitwalo kwa jina hilohilo, si mbali na mpaka wa Tanzania. Ni nchi ya vilima na mabonde makavu, ambako migomba hustawi penye maji na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu huchungwa penye nyasi. Makazi hayo yana eneo la kilomita za mraba zipatazo 185, nayo yamegawanywa katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Ndani ya kanda hizo mna vijiji vingi, masoko, makanisa, misikiti, shule na vituo vya afya. Mgeni anayetarajia kuona mahema yaliyopangwa ndani ya ua wa seng'enge atastaajabu kukuta nyumba za udongo, mashamba ya mahindi na maharage, na maduka yenye shughuli kama ya mji wowote mdogo.

Jambo la kuzingatia ni umri wa mahali hapo. Nakivale ilianza mwaka 1958, na mwaka 1960 ikatambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi. Uganda yenyewe ilipata uhuru wake mwaka 1962. Maana yake ni kwamba makazi hayo, ambayo kila mara yamehesabiwa kuwa ya muda, yana umri mkubwa kuliko dola iliyoyapokea. Waliokimbilia huko kwanza ni Wanyarwanda waliofukuzwa na machafuko ya mwaka 1959. Wengi wao walirejea kwao baada ya mwaka 1994, lakini nafasi zao hazikukaa wazi. Walikuja Wanyarwanda wengine, wakaja Wakongo waliokimbia vita vilivyoanza mwaka 1996, wakaja Wasomali, Waeritrea na Waethiopia, na mwaka 2015 wakaja Warundi kwa wingi. Mapigano ya Kivu ya Kaskazini, ambayo yalifikia hata kutekwa kwa mji wa Goma mwezi Januari 2025, yameendelea kuwaleta wengine.

Leo Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, idadi ambayo haina mfano katika Afrika. Sera yake imesifiwa na wengi, na kwa haki. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na desturi ya nchi ni kumgawia kipande cha ardhi apate kulima. Kwa upande wa elimu, sheria hiyo inampa mtoto wa mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na mtoto wa mwenyeji. Lakini inapofika elimu iliyo juu ya msingi, sheria inasema apewe angalau yale wanayopewa wageni wengine. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mgeni wa kawaida ana ubalozi, ana wazazi wanaomtumia fedha, ana karatasi zake. Mkimbizi anawekwa katika fungu la mgeni huyo huku hana hata kimoja cha vitu hivyo.

MBARARA IKO KARIBU

Kutoka Nakivale hadi Mbarara ni safari ya saa moja na zaidi kidogo kwa gari. Mbarara ndiyo makao makuu ya Ankole, nayo ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020. Ni mji wa maziwa, wa ndizi na wa wanafunzi. Mna Ntare School, shule ya sekondari iliyofunguliwa mwaka 1956. Mna Chuo Kikuu cha Bishop Stuart, cha Kanisa la Uganda. Na zaidi ya vyote mna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989 pembezoni mwa hospitali ya mji, kikianza na mafunzo ya udaktari kabla ya kuongeza sayansi nyingine.

Historia ya mji huo inatufundisha jambo moja. Miongoni mwa wanafunzi waliopita Ntare alikuwamo mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda aliyekulia katika makazi ya Ankole na Toro. Mtoto huyo ni Paul Kagame, ambaye amekuwa Rais wa Rwanda tangu mwaka 2000. Hatulitaji jina hilo kwa sababu za siasa. Tunalitaja ili msomaji akumbuke kwamba mtoto anayekaa darasani leo akiitwa mkimbizi, kesho anaweza kushika hatima ya taifa zima mikononi mwake. Elimu atakayoipata, au atakayoikosa, haitabaki kuwa shauri lake peke yake.

MLANGO WA KWANZA: CHETI

Hebu tuchukue mfano wa kijana mmoja. Hatumpi jina, kwa kuwa ni mfano tu, lakini wanaoifahamu Nakivale watakubali kwamba wa namna yake ni wengi. Amezaliwa Rutshuru, katika Kivu ya Kaskazini. Amesoma kwa Kifaransa hadi mwisho wa sekondari, akafanya Mtihani wa Serikali ambao kwao ndio ufunguo wa chuo kikuu, akafaulu. Vita vikaja. Akavuka mpaka wa Bunagana, akapokelewa Kisoro katika kituo cha Nyakabande, kisha akapelekwa Nakivale kwa basi pamoja na mama yake na wadogo zake. Cheti chake kilibaki katika sanduku la bati, katika nyumba ambayo hajui kama ingali imesimama.

Kijana huyo anajua hesabu, anajua kemia, anajua fizikia. Lakini afikapo mbele ya dirisha la ofisi ya chuo, ujuzi uliomo kichwani hauhesabiki. Kinachotakiwa ni karatasi. Hata kama cheti anacho, hawezi kukipeleka moja kwa moja. Vyeti vya sekondari vya nchi za nje hulinganishwa kwanza na Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda, UNEB, ili ijulikane vina uzito gani vikipimwa na vyeti vya kidato cha nne na cha sita vya nchi hiyo. Aliyekwisha kuanza masomo ya juu kwao atahitaji Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Cheti kilichoandikwa kwa Kifaransa lazima kitafsiriwe. Kila hatua ina ada yake, nauli yake na siku zake za kungoja.

Na kama cheti hakipo kabisa? Ushauri anaopewa mara nyingi ni kuanza upya. Basi mtu mwenye umri wa miaka 22, aliyekwisha kufaulu mtihani wa mwisho wa nchi yake, anarudi kukaa dawati moja na watoto wa miaka 15, ajifunze kwa Kiingereza mambo aliyokwisha kujifunza kwa Kifaransa. Wenye moyo wa chuma huvumilia. Wengine, wenye wadogo wa kulisha, huona haya na njaa kwa pamoja, wakaachana na shule na kwenda kutafuta kibarua au pikipiki ya kubebea abiria. Hapana anayeweza kuwalaumu. Aisifuye mvua imemnyea, na aisifuye subira na awe amekwisha kungoja pamoja nao.

Tatizo hili halikuanza jana, wala Afrika haikulifumbia macho. Mwaka 1968 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda ofisi maalumu ya kuwatafutia wakimbizi nafasi za masomo na za kazi. Mwaka 1981, mjini Arusha, nchi za Afrika zilitengeneza mkataba wa kutambuliana vyeti na shahada. Mkataba huo ulifanyiwa marekebisho mjini Addis Ababa mwaka 2014, ukaanza kutumika Desemba 2019. Na mkataba wa ulimwengu wa UNESCO kuhusu jambo hilohilo, uliopitishwa Novemba 2019 na kuanza kutumika Machi 2023, unataka hata sifa za wakimbizi wasio na karatasi zitafutiwe njia ya haki ya kupimwa.

Tena njia hiyo imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2019 Zambia ilishirikiana na UNESCO kutoa hati ya sifa za elimu kwa wakimbizi. Mkimbizi huhojiwa na wataalamu, hueleza alisoma wapi na nini, huonyesha ushahidi wowote alio nao, kisha hupewa hati inayoeleza kiwango chake. Hati hiyo haimpi shahada ya bure wala haimwondolei mtihani wa kuingia chuoni. Inamwezesha kusikilizwa tu. Ikiwa Zambia imeweza, hapana sababu ya kudhani kwamba nchi za Maziwa Makuu haziwezi.

MLANGO WA PILI: ADA

Tuseme kijana wetu amelivuka dirisha la vyeti. Mbele yake sasa kuna ada, na hapo wengi zaidi hukwama. Mikopo ya wanafunzi wa vyuo ambayo Serikali ya Uganda iliianzisha mwaka 2014 ni kwa raia wa nchi hiyo. Si ajabu, kila serikali huanza na watoto wake. Kinachobaki kwa mkimbizi ni mfuko wa mzazi au msaada wa masomo.

Mfuko wa mzazi tunaujua. Ni kipande cha ardhi ambacho kwa ukame wa Isingiro hakitoi mazao kila msimu, pamoja na posho ya chakula ambayo imekuwa ikipungua. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa upungufu wa fedha, liliwaondoa katika orodha ya posho watu wanaokaribia milioni moja nchini Uganda. Mama anayepima unga kwa kikombe hawezi kuulizwa habari za ada ya chuo kikuu. Na katika nyumba ambamo fedha zikipatikana hutosha mtoto mmoja tu, mara nyingi anayesomeshwa ni wa kiume, na binti huambiwa angoje. Wengi wao huolewa wakingali wakingoja.

Misaada ya masomo ipo, nayo imefanya kazi ya kusifiwa. Mkubwa kati yake ni ule ulioanzishwa na Serikali ya Ujerumani mwaka 1992 chini ya jina la Albert Einstein, mwanafizikia ambaye mwenyewe alikuwa mkimbizi baada ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933. Msaada huo, ujulikanao kwa kifupi DAFI, husimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, nao umewasomesha vijana zaidi ya 20,000 ulimwenguni, wengi wao katika vyuo vya nchi zilizowapokea, Uganda ikiwa mojawapo. Lakini waombaji ni wengi mno kuliko nafasi, na aliyekosa mwaka huu mwakani hukuta foleni imerefuka.

Tazama hesabu ya ulimwengu mzima. Kwa miaka mingi, kati ya vijana wakimbizi 100 wenye umri wa kusoma chuo, ni mmoja tu aliyekuwa chuoni. Mwaka 2019 wakafika watatu. Ripoti ya mwaka 2024 ilitaja saba. Miongoni mwa vijana wote wa dunia, wanaofika elimu ya juu ni zaidi ya 40 katika kila 100. Shirika hilo la wakimbizi limejiwekea lengo la kufikia 15 katika 100 ifikapo mwaka 2030. Hatua zimepigwa, hilo halina ubishi. Hata hivyo, lengo lenyewe likitimizwa, vijana 85 katika kila 100 watakuwa wangali nje ya lango.

MLANGO WA TATU: NG'AMBO

Baadhi ya vijana wa Nakivale, wakiona milango ya karibu imefungwa, hugeuza macho kwenye nchi za mbali. Hapa yafaa tujifunze kutokana na taifa jingine ambalo historia yake inafanana na ya Maziwa Makuu kuliko tunavyodhani, nalo ni Vietnam.

Leo vijana wa Vietnam wanaosoma nje ya nchi yao ni zaidi ya 100,000. Wako Japani, Korea Kusini, Australia, Marekani na kwingineko. Wanakwenda wakiwa na pasipoti na vyeti vilivyopigwa mihuri, na mwaka mpya wao ukifika, wenye nauli hurudi nyumbani kula na wazee. Ni wanafunzi wa ng'ambo wa ile namna ya kwanza tuliyoitaja, wenye nyumba nyuma yao. Lakini haikuwa hivyo siku zote. Vita vilipokwisha mwaka 1975, watu wa nchi hiyo walianza kuikimbia kwa mashua. Kati ya mwaka huo na mwaka 1995 watu wapatao 800,000 walifika salama katika nchi nyingine kwa njia ya bahari, na wengine wengi wakazama. Mtoto wa Vietnam wa siku zile, katika kambi za Malaysia au Hong Kong, alikuwa sawasawa na mtoto wa Nakivale leo: hana karatasi, hana shule ya juu, hajui kesho.

Kati ya waliofungua mlango walikuwamo Wakanada. Sheria yao mpya ya uhamiaji iliwaruhusu raia wa kawaida, yaani majirani, waumini wa kanisa moja au wafanyakazi wa kiwanda kimoja, kuchangishana fedha na kumdhamini mkimbizi. Katika miaka ya 1979 na 1980 Kanada ilipokea watu 60,000 kutoka Vietnam, Laos na Kambodia, na wengi wao walidhaminiwa kwa njia hiyo. Mwaka 1986 wananchi wa Kanada walitunukiwa Nishani ya Nansen, ambayo hutolewa kwa waliowatendea wema wakimbizi.

Kwa moyo huohuo, tangu mwaka 1978, shirika la World University Service of Canada limekuwa likiwachukua vijana wakimbizi na kuwapeleka katika vyuo vya Kanada. Katika vyuo vingi wanafunzi wenyewe wamekubali kukatwa fedha kidogo kila muhula ili kumlipia mwenzao ambaye hawajapata kumwona. Zaidi ya vijana 2,000 wamekwisha kusoma kwa mpango huo, na Uganda ni mojawapo ya nchi ambako huchaguliwa. Kwa hiyo kijana wa Nakivale anayebahatika kwenda Kanada leo anapita njia ambayo Wavietnam waliisaidia kupanuka.

Kwa nini mpango wa namna hiyo ni muhimu kuliko msaada wa fedha peke yake? Kwa sababu viza ya kawaida ya mwanafunzi ina sharti linalomkaba mkimbizi kooni. Nchi nyingi, Marekani ikiwa mojawapo, humtaka mwombaji athibitishe kwamba akimaliza masomo atarudi kwao. Mwana wa Hanoi hulijibu swali hilo bila ya shida. Kijana wa Nakivale atajibu nini? Akisema atarudi Rutshuru, ataulizwa basi kwa nini aliitwa mkimbizi. Akisema hana pa kurudi, viza haipati. Akisema atarudi Uganda, hati yake ya kusafiria, ambayo wakimbizi hupewa badala ya pasipoti, itachunguzwa kama itaendelea kuwa halali hadi siku hiyo. Mtu anaweza kuwa na alama bora, barua ya chuo, hata mfadhili, na bado akashindwa kwa swali moja lisilo na jibu la kweli. Mpango wa Kanada humwondolea swali hilo, kwa kuwa humpokea akiwa mkazi wa kudumu tangu siku ya kwanza.

JE, WENYEJI HAWADHULUMIWI?

Wapo watakaosema: kwa nini kumsumbukia mgeni ilhali mtoto wa mwenyeji wa Isingiro naye hana ada? Hoja hii isipuuzwe. Mkulima wa Isingiro amegawana na wageni maji, kuni na ardhi kwa zaidi ya miaka 60. Mwanawe naye huishia kidato cha nne kwa ukosefu wa fedha, na akiona gari la shirika likipita na wanafunzi wakimbizi huku yeye akisimama kando ya njia, uchungu wake si wa wivu mtupu.

Jibu la Uganda kwa mambo mengine limekuwa la busara: katika miradi inayoletwa kwa ajili ya wakimbizi, asilimia 30 ya manufaa iwaendee wenyeji. Utaratibu huo unastahili kufuatwa katika misaada ya masomo pia. Mfadhili anayesomesha vijana kumi kutoka Nakivale asomeshe watatu kati yao kutoka vijiji vya jirani. Hapo msaada hautaleta chuki, na vijana watakaokaa chumba kimoja bwenini Mbarara watajuana kwa majina kabla ya kujuana kwa makabila.

Tena tuangalie faida. Vituo vya afya vya Nakivale huhudumia watu wasemao Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na lugha nyingine. Muuguzi aliyesomea Mbarara naye akazijua lugha mbili au tatu kati ya hizo ana thamani kubwa kwa mgonjwa na kwa daktari. Vilevile, mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nchi inahitaji walimu wa lugha hiyo kwa maelfu. Nakivale imejaa vijana wa Kongo na Burundi ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya sokoni na ya nyumbani. Wakisomeshwa ualimu, watakuwa wamelipa zaidi ya walichopewa.

Na siku ya kurudi ikifika, nchi zao zitawahitaji. Hapa Afrika Mashariki tuna mfano. Mwaka 1978 wapigania uhuru wa Afrika Kusini walifungua shule yao Mazimbu, karibu na Morogoro, wakaipa jina la Solomon Mahlangu. Shule hiyo ilijengwa kwa ardhi iliyotolewa na Tanzania na kwa misaada ya marafiki wa nchi nyingi, na baadhi ya wanafunzi wake walikwenda kusoma vyuo vya ng'ambo. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba milango ya kwao ingefunguka baada ya miaka kumi na michache. Walisoma wakijiandaa kwa siku isiyojulikana, nayo ikaja. Mwaka 1992 majengo yakakabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ukarimu ule uliacha chuo kwa mwenyeji na watu walioelimika kwa mgeni.

YANAYOWEZEKANA SASA

Hatusemi kwamba kila kijana wa Nakivale apelekwe chuo kikuu, wala kwamba serikali zetu zina hazina isiyokwisha. Yapo mambo yanayowezekana bila ya fedha nyingi.

La kwanza ni vyeti. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziwe na utaratibu mmoja wa kulinganisha matokeo ya mitihani, na mabaraza ya mitihani yaulizane yenyewe kwa yenyewe. Rekodi za mitihani hutunzwa na serikali. Si haki kumtuma mkimbizi akazitafute kule alikofukuzwa. Rwanda na Burundi zimo katika Jumuiya tangu mwaka 2007, Kongo tangu mwaka 2022, na Somalia tangu mwaka 2024. Basi wengi wa wakazi wa Nakivale, ingawa wamekimbia nchi zao, hawajatoka nje ya Jumuiya. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza kwamba Jumuiya yote ni eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo lisiishie kwa mwenye pasipoti. Mwanafunzi mkimbizi atozwe ada sawa na mwananchi wa nchi mwanachama, kwa maana ndivyo alivyo.

La pili ni lugha. Miezi sita au tisa ya Kiingereza cha masomo, ikifundishwa hapo hapo Nakivale jioni, ingemwokolea aliyesoma kwa Kifaransa miaka mitatu ya kurudia madarasa. Vyuo vya Mbarara vina walimu na wanafunzi wanaoweza kuifanya kazi hiyo wakati wa likizo.

La tatu ni mpango. Mwaka 2018 Uganda ilitoa mpango wa elimu kwa wakimbizi na wenyeji wao, wa kwanza wa namna yake, lakini uzito wake mkubwa uliwekwa kwenye shule za awali, msingi na sekondari. Ilikuwa sawa kuanza na msingi. Lakini mtoto wa darasa la kwanza wa mwaka ule sasa yuko sekondari, na baada ya miaka michache atasimama mbele ya dirisha lilelile la vyeti na ada. Afadhali lango litayarishwe kabla hajafika.

Ndugu msomaji, neno ng'ambo katika lugha yetu asili yake ni upande wa pili wa maji. Mwenye chombo huvuka akarudi apendapo. Vijana wa Nakivale walivushwa na tufani, chombo kikavunjika nyuma yao. Hawatuombi tuwabebe mgongoni. Wanaomba waliyokwisha kujifunza yahesabiwe, na waliyobakiza waruhusiwe kuyamaliza. Mahali paitwapo pa muda kwa zaidi ya miaka 60 pamekwisha kuona watoto wakizaliwa, wakikua na kuzaa watoto wao. Mtoto anayejifunza kusoma leo kando ya Ziwa Nakivale hawezi kuambiwa angoje amani ndipo asome chuo. Amani yenyewe, siku itakapokuja, itahitaji madaktari, walimu na mahakimu, na hao hawatatoka mahali pengine isipokuwa miongoni mwa watoto hao.